UDONGO NDANI YA PLASTIKI: JINSI YA KUUCHANGANYA NA KUUPIMA

Kila mkulima wa Mwea, wa nyanda za Kano na wa mbuga za Athi aujua udongo mweusi. Wakati wa mvua huvimba na kunata, na gari likiingia ndani yake halitoki upesi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kutia mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kufaa hupata nyufa kutani. Mbali na mpunga na pamba, watu wengi hawaoni faida yake.

Lakini madini yale yale yaufanyayo udongo huu uvimbe hutiwa leo katika plastiki, ili plastiki hiyo iwe ngumu zaidi, istahimili joto zaidi, na isipitishe hewa upesi. Jambo hili lamhusu mkulima. Mkulima wa siku hizi hununua plastiki kila msimu: mifuko ya kuhifadhia nafaka, mabomba ya maji, matangi, mitungi ya maziwa, na karatasi za kufunikia vitalu. Tena maneno kama "nano" yameanza kuandikwa juu ya bidhaa nyingi. Yafaa mkulima ajue maana yake, asije akalipa fedha zake kwa ajili ya neno tu.

Jambo kubwa la somo hili ni moja, nalo ni hili: nguvu haitoki katika wingi wa udongo uliotiwa, bali hutoka katika kuzitenganisha kurasa za udongo huo. Na mtu hawezi kujua kama kurasa zimetengana mpaka apime.

UDONGO HUU NI KAMA KITABU

Madini tunayoyataja huitwa montimoriloniti. Jina hili latokana na mji wa Montmorillon katika nchi ya Ufaransa, na lilianza kutumika mwaka wa 1847. Udongo uchimbwao ambao una madini haya kwa wingi huitwa bentoniti, nao huuzwa na kutumika katika kazi nyingi, kama kuchimba visima na kuzuia maji yasivuje katika mabwawa.

Ukiweza kukitazama kipande kidogo sana cha montimoriloniti, utaona ya kwamba ni kama kitabu chenye kurasa nyingi zilizolaliana. Kila ukurasa una unene wa nanomita 1 tu. Nanomita ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Yaani, kurasa milioni moja zikipangwa moja juu ya nyingine zitafikia unene wa milimita 1. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Lakini ingawa ukurasa huu ni mwembamba hivyo, urefu na upana wake ni mara 100 au zaidi ya unene wake. Ni mpana na mwembamba, kama bati la kuezekea.

Kwa kuwa kurasa ni nyembamba mno, uso wake wote ukijumlishwa ni mkubwa ajabu. Gramu 1 ya montimoriloniti, ikifunguliwa kurasa zote na pande zote mbili zikahesabiwa, ina uso wa mita za mraba kama 750. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Basi gramu 5 na nusu za udongo huu, yaani kiasi cha kijiko kidogo, zina uso wa eka nzima.

Katikati ya kurasa hukaa chembe za sodiamu au za kalisiamu, ambazo huzishikanisha. Maji yakiingia hapo, kurasa husukumwa mbali kidogo, na hiyo ndiyo sababu udongo mweusi huvimba. Chembe hizo zaweza kubadilishwa kwa nyingine. Mkulima aijua kazi hii hata kama hajui jina lake, kwa maana ndiyo ishikayo mbolea ya potasi na ya amonia isichukuliwe yote na mvua.

Udongo mwekundu wa Kiambu au wa Kisii si wa namna hii. Madini yake mengi ni kaoliniti. Kurasa za kaoliniti zimeshikana kwa nguvu wala hazifunguki kwa maji. Udongo huo ni mwema kwa chai na kahawa, lakini ukitiwa katika plastiki hubaki vipande vizima.

KAZI YA KWANZA ILIYOFAULU

Watu wamekuwa wakitia unga wa chokaa na wa udongo katika plastiki kwa miaka mingi, zaidi ili kupunguza gharama. Jambo jipya lilitokea Japani katika miaka ya 1980. Wataalamu wa maabara ya utafiti ya kampuni ya Toyota walitaka nailoni iliyo nyepesi na yenye kustahimili joto la injini. Hapa inafaa kusema ya kwamba watu wetu wengi huita kila karatasi ya plastiki "nailoni". Nailoni hasa ni namna moja tu ya plastiki, ile itumiwayo kutengeneza kamba, nyavu na meno ya mashine. Karatasi na mifuko mingi tunayoiona ni ya politheni.

Plastiki yo yote ni polima, yaani minyororo mirefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vinavyofanana, kama shanga katika uzi. Wataalamu wale hawakuchukua nailoni iliyokwisha kutengenezwa wakaichanganya na udongo. Kwanza walibadilisha sodiamu iliyo kati ya kurasa, wakatia mahali pake dawa ambayo kichwa chake hushika udongo na mkia wake hupatana na nailoni. Kisha wakatia vile vipande vidogo vya kutengenezea nailoni, navyo vikaingia kati ya kurasa. Walipopasha moto, vipande vikaungana kuwa minyororo mirefu, na minyororo ikazisukuma kurasa mbali mpaka kitabu kikafunguka chote.

Matokeo yalikuwa haya. Nailoni tupu ilikatika ilipovutwa kwa nguvu ya megapaskali 69, ambayo ni kama kuning'iniza kilo 700 kwenye fimbo ya unene wa sentimita moja ya mraba. Nailoni iliyotiwa udongo wa asilimia 4.2 tu, kurasa zikiwa zimetengana, ilifika megapaskali 107, yaani kama kilo 1,090. Ugumu wake wa kutopindika uliongezeka karibu mara mbili. Nailoni tupu ilianza kulegea chini ya mzigo kwa joto la digrii 65. Ile yenye udongo ilivuka digrii 140. Mwaka wa 1993 Toyota ilianza kutumia plastiki hii kufunikia mkanda wa injini katika gari la Camry.

Sasa angalia jambo hili kwa makini. Wataalamu walitengeneza pia nailoni nyingine, wakatia udongo wa asilimia 5, lakini kwa kuchanganya tu bila kurasa kufunguka. Hiyo ilikatika kwa megapaskali 61. Yaani ilikuwa dhaifu kuliko nailoni isiyo na udongo hata kidogo! Udongo ulikuwa mwingi zaidi, na nguvu ikawa ndogo zaidi. Vipande vizima vya udongo ndani ya plastiki ni kama mawe ndani ya ugali: mahali penye jiwe ndipo ugali uvunjikapo.

NJIA TATU ZA KUCHANGANYA

Njia ya kwanza ndiyo hiyo ya Toyota: kutengeneza polima papo hapo kati ya kurasa. Ni njema, lakini yahitaji kiwanda cha kutengeneza plastiki yenyewe.

Njia ya pili ni ya maji maji. Polima huyeyushwa katika maji au katika dawa nyingine, udongo huloweshwa humo humo mpaka kurasa zifunguke, kisha vyote viwili huchanganywa na kukaushwa. Njia hii yafaa kwa wanga na kwa polima nyingine zinazopatana na maji. Ndiyo tutakayoijaribu hapa chini.

Njia ya tatu ni ya kuyeyusha kwa moto. Plastiki na udongo uliotayarishwa hutiwa katika mashine yenye skrubu mbili zinazozunguka ndani ya pipa la chuma lenye moto, mfano wa mashine ya kusagia nyama. Skrubu huvuta, hukanda na kuzichana kurasa. Viwanda hupenda njia hii kwa sababu mashine za namna hii wanazo tayari.

Lakini kuna shida mbili. Ya kwanza, politheni na polipropilini, ambazo ndizo plastiki za mifuko na mitungi, ni kama mafuta, na udongo hupenda maji. Mafuta na maji hayapatani. Ni lazima udongo utayarishwe, na tena atiwe mpatanishi, yaani dawa ishikayo pande zote mbili. Shida ya pili ni moto. Dawa zile za kutayarishia udongo huanza kuharibika joto likikaribia digrii 200, na plastiki nyingi huyeyushwa karibu na joto hilo. Moto ukizidi, dawa huungua na kurasa hurudiana.

KWA NINI HEWA HUCHELEWA KUPITA

Mkulima ajuaye matuta ya "fanya juu" ataelewa jambo hili mara moja. Shamba la mtelemko lisilo na matuta, maji hushuka moja kwa moja. Lenye matuta, maji hulazimika kuzunguka huku na huku, nayo huchelewa. Kurasa za udongo zilizolala ndani ya plastiki ni kama matuta hayo. Hewa haiwezi kupita ndani ya ukurasa; ni lazima izunguke.

Mwaka wa 1967 mtaalamu aitwaye Nielsen alitoa hesabu ya jambo hili. Tuseme udongo ni sehemu 2 katika kila sehemu 100 za ujazo wa plastiki, na kila ukurasa una urefu wa mara 100 ya unene wake. Kurasa zote zikitengana na kulala sawasawa, hewa ipitayo hupungua hadi karibu nusu. Lakini udongo ule ule ukibaki katika mafungu ya kurasa 20 kila fungu, hewa hupungua kwa sehemu 7 tu katika 100. Matuta machache manene hayafanyi kazi ya matuta mengi membamba.

Faida yake ni nini shambani? Fukusi na dumuzi huvuta hewa kama sisi. Mahindi makavu yakifungwa katika mfuko usiopitisha hewa, wadudu humaliza hewa iliyo safi, kisha hufa bila dawa. Mfuko wowote unaozuia hewa vizuri zaidi husaidia kazi hiyo, mradi haujatobolewa na mahindi yamekauka vizuri kabla ya kutiwa.

JARIBIO LA KUFANYA WENYEWE

Jaribio hili lafaa kwa vikundi vya wakulima, kwa shule, na kwa vijana wa vilabu vya 4-K. Halihitaji mashine kubwa. Litawaonyesha kwa macho yenu tofauti ya udongo uliofunguka na udongo usiofunguka. Vitu vinavyotakiwa ni udongo mweusi, magadi, wanga wa muhogo, gliserini kutoka duka la dawa, sufuria, mwiko, sinia tatu bapa za sentimita 30 kwa 30, na mizani ndogo ya maabara ya shule.

Kusafisha udongo:

1. Chimbeni udongo mweusi chini ya sentimita 30, mahali pasipo na mizizi wala samadi. Ukausheni na kuuponda. Fungeni kitambaa puani na mdomoni, maana vumbi la udongo mkavu ni baya kwa mapafu.

2. Tieni gramu 50 za unga huo katika lita 1 ya maji pamoja na gramu 2 za magadi. Magadi yana sodiamu. Udongo mwingi mweusi una kalisiamu kati ya kurasa zake, na kalisiamu huzishika sana. Sodiamu ikishika mahali pake, kurasa hufunguka kwa urahisi. Viwanda vya bentoniti hufanya vivyo hivyo kwa kutumia soda. Msizidishe magadi, kwa maana chumvi ikizidi udongo hugandamana tena.

3. Acheni usiku mmoja. Asubuhi korogeni sana, kisha mwache chombo kitulie kwa saa 8 bila kuguswa. Mchanga na vumbi zito vitazama. Chembe zilizo ndogo kuliko sehemu 2 za milimita iliyogawanywa mara elfu zitabaki zikielea katika sentimita 10 za juu.

4. Vuteni kwa mpira mwembamba maji ya sentimita hizo 10 za juu tu. Hayo ndiyo maji ya udongo.

5. Kausheni mililita 200 za maji hayo juu ya sahani iliyopimwa, mpime kilichobaki. Kwa mfano, mkipata gramu 4, basi kila mililita 25 ina nusu gramu ya udongo. Hifadhini udongo huo mkavu, mtautumia.

Kutengeneza karatasi tatu:

Karatasi A ni ya wanga bila udongo. Chukueni gramu 10 za wanga, gramu 3 za gliserini, mililita 125 za maji, na mililita 25 za maji ya magadi yasiyo na udongo, yaliyotengenezwa kwa gramu 2 za magadi katika lita 1. Magadi haya hutiwa ili karatasi A na B zitofautiane kwa udongo peke yake.

Karatasi B ni hivyo hivyo, lakini mahali pa maji ya magadi tieni mililita 25 za maji ya udongo, au kiasi chenye nusu gramu ya udongo.

Karatasi C ni ya wanga na gliserini kama za kwanza na maji mililita 150, kisha tieni nusu gramu ya ule udongo mliokausha, uliosagwa. Utieni mwishoni, wanga ukiwa umekwisha kuwa mzito.

Pasheni kila mchanganyiko juu ya moto mdogo, mkikoroga bila kuacha, mpaka wanga ugeuke kuwa mzito na wa kung'aa. Msiuchemshe kwa nguvu, usije ukajaa mapovu. Mimineni katika sinia iliyowekwa juu ya meza iliyo sawa, na mkaushe kivulini siku mbili au tatu. Karatasi ikikauka vizuri itakuwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Wekeni zote tatu mahali pamoja kwa siku moja zaidi kabla ya kupima, kwa sababu wanga hunyonya unyevu wa hewa, na karatasi yenye unyevu zaidi hunyumbuka zaidi.

KUPIMA

Kipimo cha kwanza ni cha macho. Inueni karatasi mbele ya dirisha. B itakuwa na rangi ya kijivu kidogo kwa ajili ya chuma na mboji iliyo katika udongo wetu, lakini rangi hiyo itaenea sawasawa. C itaonyesha madoadoa. Kila doa ni kitabu kisichofunguliwa.

Kipimo cha pili ni cha nguvu. Kateni kwa wembe vipande vitano kutoka kila karatasi, kila kimoja upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 12. Msichukue ukingo wa karatasi. Pimeni uzito wa kila kipande. Kisha kibaneni juu kati ya vijiti viwili, na chini mning'inize kopo jepesi kwa vijiti vingine viwili. Mimineni maji koponi polepole mpaka kipande kikatike. Pimeni kopo pamoja na maji yake na vijiti vya chini. Mgawanye uzito huo kwa uzito wa kipande chenyewe. Kwa njia hii kipande kinene hakitapata sifa isiyo yake. Jumlisheni hesabu za vipande vitano na mgawanye kwa tano.

Kwa nini vitano? Kwa sababu kipande kimoja chaweza kuwa na povu au mkato usioonekana. Mkulima hahukumu mbegu kwa shina moja, wala mtaalamu hahukumu karatasi kwa kipande kimoja. Na kama vipande vya karatasi moja vyatofautiana sana vyenyewe kwa vyenyewe, basi msiseme kwamba A imeshinda au B imeshinda. Tengenezeni karatasi nyingine.

Kipimo cha tatu ni cha mvuke. Chukueni chupa tatu za mdomo mpana zilizo sawa. Tieni maji kiasi kile kile katika kila moja, mkiacha nafasi ya sentimita 2 juu. Funikeni kila mdomo kwa karatasi yake, mfunge kwa mpira na kuziba ukingo kwa nta ya mshumaa. Ziwekeni pamoja mahali pakavu penye kivuli. Kila siku saa ile ile zipimeni, kwa muda wa siku tano, na kuandika uzito. Uzito uliopungua ndio mvuke uliopita. Karatasi iliyopunguza uzito kidogo kuliko zote ndiyo yenye matuta mema.

Andikeni kila kitu katika daftari: tarehe, uzito, na hata makosa ya kupima. Jaribio lisiloandikwa ni kama mvua isiyopimwa. Kila mtu atakumbuka yake.

JINSI MAABARA IPIMAVYO

Macho yetu hayaoni ukurasa wa nanomita 1. Maabara hutumia eksirei. Mwaka wa 1913 Bragg, baba na mwanawe, wa Uingereza walionyesha ya kwamba eksirei zikipiga vitu vilivyopangwa kwa matabaka, hurudi kwa pembe maalum, na pembe hiyo hueleza umbali kati ya matabaka. Kurasa zikiwa karibu, umbali wa nanomita 1.2, alama huonekana kwenye pembe ya digrii 7 hivi. Zikisukumwa mpaka nanomita 3, alama hushuka karibu na digrii 3. Kurasa zikitengana kabisa na kukaa ovyo ovyo, alama hutoweka.

Lakini kutoweka kwa alama si ushahidi wa kutosha. Yaweza kuwa udongo ni kidogo mno. Kwa hiyo wataalamu hukata kipande chembamba sana na kukitazama kwa hadubini ya elektroni, mpaka wazione kurasa zenyewe. Ndipo huvuta, hupinda, hupasha moto na kupima hewa ipitayo. Kipimo kimoja chaweza kudanganya; vipimo vitatu vikipatana, hapo pana ukweli.

MAMBO YA KUANGALIA

Plastiki yenye udongo si nzuri kwa kila kazi. Mara nyingi huwa ngumu zaidi lakini hunyumbuka kidogo, na yaweza kuvunjika inapopindwa. Tena udongo wenyewe, hasa wenye chuma, waweza kuharakisha kuharibika kwa politheni na polipropilini juani. Plastiki ya namna hiyo itakayokaa nje, kama ya kitalu au ya tangi, ni lazima itiwe dawa ya kuikinga na jua.

Karatasi ya wanga mliyoitengeneza haifai kuwekea kitu chenye maji, kwa maana italegea. Sifa yake ni kwamba ikifukiwa udongoni huoza.